Tangi Lililoanikwa Juani

Wattaya, Maskati
22 Agosti 2025

Mkunde, mtoto wa mama,

Kabla hujaniuliza: nimekula, nimelala vizuri, na jua la huku leo limekausha nguo kabla sijamaliza kuzibana kwenye kamba.

Mama Mkubwa ameniambia barua iliyopita umeisoma peke yako kuanzia juu mpaka chini. Nimefurahi nikaunguza vitunguu. Basi nitaendelea hivi hivi: naandika kwenye karatasi, napiga picha, namtumia yeye, naye anakutolea pale stationari kwa Raymond ili uwe na yako ya kushika. Simu sikulazimishi tena. Nikipiga na wewe ukakimbilia bandani kwa ng'ombe, sawa, nitamsalimia ng'ombe.

Uliniuliza Loay ni nani. Ni mtoto wa nyumba hii, anaingia miaka saba. Mama yake ni madam Maha, anafanya kazi wizarani. Bibi yake ni Bi Sabah, kazaliwa Unguja, ndiye anayeongea Kiswahili na mimi kutwa nzima. Na lile tangi la kioo la samaki ni la Loay, liko sebuleni, na mimi ndiye ninayewalisha samaki na kulibadilishia maji.

Yule samaki mwekundu mwenye pengo mkiani, kama karatasi iliyochanwa pembeni, sasa nyumba nzima inamwita jina ulilompa. Mbege! Loay anaamka anasema, "Sabah al-kheir, Mbege." Juzi Bi Sabah kaniuliza, "Hivyo Mbege ndo nini kwenu?" Nikamwambia ni kinywaji cha ndizi, Bibi. Akasema, "Basi ukenda kwenu n'letee na mimi nionje." Mkunde, nilitoka jasho na kiyoyozi kinawaka.

Jana madam kaleta samaki wawili wapya kutoka duka la Ruwi, weusi, macho yamewatoka kama mtu kasahau kitu. Tukawamimina humo humo na wenzao, Loay akapiga makofi. Mbege alikwenda kuwanusa, halafu akageuka kama hajawaona. Ana maringo.

Niandikie.

Mama yako,
Aika


Kibosho
31 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma mwenyewe. Neno wizarani ndilo lilinisumbua.

Mwambie Bibi mbege inalevya. Babu wa Rombo akinywa anaimba mpaka mbwa anaondoka.

Mbege analala saa ngapi? Ana kope? Akilia utajuaje na yuko majini?

Nimewaambia darasani nina samaki Uarabuni. Abdulrazak kabisha, kasema samaki si wako kama hujamshika. Nimemwambia wewe kaka yako yuko Dar hujamshika tangu Pasaka na bado ni kaka yako. Mwalimu alicheka.

Kuku wangu mweupe, yule Sista, ameanza kutaga. Anatembea kama sista wa parokiani kweli, mikono nyuma.

Kwenye simu sitaki. Usikasirike. Simu inakata maneno. Barua haikati.

Mimi Mkunde


Wattaya, Maskati
9 Septemba 2025

Dada Violeth,

Hii isome mwenyewe, usimpe mtoto.

Mbege amekufa. Najua utacheka, mtu mzima anakuandikia msiba wa samaki. Cheka halafu unisikilize.

Walianza wale weusi wapya. Walitoka vidoa vyeupe mwili mzima kama wamenyunyiziwa chumvi, wakawa wanajisugua kwenye kokoto kama ng'ombe mwenye kupe. Kesho yake na Mbege. Nikamwambia madam tumuulize mwenye duka, akasema akitoka kazini. Bi Sabah hakungoja. Kwake hakuna ugonjwa usiokuwa na ubani. Tumbo ni ubani, kifua ni ubani. Anauloweka kwenye glasi jioni, asubuhi maji yamekuwa meupe kama tui la pili, anakunywa, na mimi ananipa. Asubuhi hiyo hakunywa. Nimetoka jikoni namkuta kasimama juu ya tangi, bismillahi, anamimina glasi nzima.

"Bibi!"

"Nnawapa dawa, Aika. Hawa nao si viumbe?"

Halafu akawasha chetezo, akakiweka pembeni ya ile pampu inayovuta hewa, ili na moshi uwafikie. Ukawafikia. Tangi likageuka rangi ya uji, na sebule yote ikanukia Ijumaa. Adhuhuri samaki wote walikuwa wamelala ubavu. Sijui waliuawa na ugonjwa au na dawa. Bi Sabah amelia, dada, akawa ananiuliza mimi kama Mungu atamuuliza.

Madam kabla hajamfuata Loay shuleni akapita dukani akanunua mwekundu mwingine wa kufanana naye, na wenzake wa kumsindikiza. Tukabadilisha maji juu juu, tukawatia. Loay akaambiwa Mbege kapona. Akanitazama mimi. Na mimi nikaitikia.

Sasa Mkunde nimwambie nini? Unajua wewe yule samaki ni nini kwangu. Huu mwaka wa pili mtoto hajanipa sauti yake. Alichonipa ni barua, na barua zenyewe anamwandikia Mbege, mimi napita humo humo. Nikimwambia kafa, ataandika tena?

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Aika


Kibosho
11 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Pole na msiba. Kwanza nimecheka, halafu nikaona aibu.

Usimwambie. Samaki wekundu wote ni sura moja, nani atawapima? Mwandikie hajambo, yaishe.

Hapa kwangu mwenyewe umepita ugonjwa wa mdondo. Kuku wameinamisha shingo Jumatatu, mpaka Jumatano banda lote limeisha, na yule Sista wake. Nimewachoma nyuma ya mgomba yeye akiwa shule. Nimemwambia kuwa Babu kapita kawachukua, anakwenda nao Rombo kuwatunza. Kaniuliza mara moja tu, akanyamaza. Unaona? Watoto wanasahau haraka kuliko sisi.

Wewe mwenyewe ulivyoondoka alfajiri amelala, si mimi niliyemwambia umekwenda sokoni Kiboroloni? Alikuwekea ndizi ya kuchoma kwenye sahani, kila siku anaifunika, mpaka ikaota ukungu. Lakini hakulia. Mtoto mgumu yule, kama mama yetu.

Usijichoshe na mawazo. Kula.

Dada yako,
Violeth


Wattaya, Maskati
14 Septemba 2025

Mkunde mwanangu,

Mbege hajambo, anakusalimia. Anakula vizuri na anaogelea vizuri. Samaki hana kope, nimemtazama. Analala taa ikizimwa.

Loay naye hajambo. Huku joto limepungua kidogo. Soma kwa bidii, msaidie Mama Mkubwa kazi.

Mama yako akupendaye,
Aika


Kibosho
21 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako ni fupi. Ulikuwa unapika?

Nataka picha ya Mbege. Piga upande wa mkia ili pengo lionekane, Abdulrazak anasema hakuna samaki mwenye pengo. Nitaibandika kwenye ukuta upande wa kitanda changu.

Sista na kuku wengine wote wamekwenda Rombo kwa Babu. Mama Mkubwa kasema hivyo. Sijamuuliza tena.

Wewe kwenye barua hujawahi kunidanganya. Ndiyo maana naandika.

Mimi Mkunde


Wattaya, Maskati
26 Septemba 2025

Dada Violeth,

Nimepiga picha ya yule samaki. Kabla sijaituma nikaona mkia ni mzima, hauna pengo. Unajua nilifanya nini? Nilitafuta mkasi. Nilisimama sebuleni na mkasi mkononi, najiuliza samaki anashikwaje asiumie. Ndipo Loay akaingia.

Hakuuliza mkasi ni wa nini. Akaweka kidole kwenye kioo, akasema taratibu, "Aika, huyu siye." Nikamwambia siye nani? "Huyu siye Mbege. Mbege akiniona anakuja. Huyu hanijui." Nikamwambia labda kachoka. Akanitazama, akaondoka. Hakulia, hakuuliza tena. Tangu siku hiyo akipita sebuleni anapita ukutani, upande wa pili, asilitazame tangi. Madam anasema, "Khalas, kasahau."

Dada, hakusahau. Ule unyamavu naujua. Ni wa mtu anayefunika ndizi kwenye sahani.

Na kama haitoshi, vidoa vimerudi. Yule wa kufanana, na wenzake wote, chumvi mwili mzima. Safari hii madam aliniruhusu nimpigie mwenye duka. Akanikaripia kabisa. Kasema ugonjwa haukuondoka na samaki, umebaki kwenye kokoto, kwenye majani, kwenye bomba, unangoja mwingine. Mkitia samaki mpya kwenye tangi lile lile mnampeleka machinjioni. Ondoeni vyote, osheni, kausheni, ndio muanze. Juzi wamekufa wote.

Kwa hiyo mkasi nimeurudisha kwenye droo, na picha nimeifuta. Nitamwandikia Mkunde ukweli. Usinizuie. Bi Sabah pia ameshaambiwa na mwanawe anyamaze, kajibu, "Mtoto ana macho, Maha, nimfunge kitambaa?" Kamwita Loay chumbani kwake kamwambia yote, na ya ubani.

Barua ya mtoto inakuja kesho. Isome, halafu umpe. Ukae naye.

Aika


Wattaya, Maskati
27 Septemba 2025

Mkunde wangu,

Barua hii ni ndefu. Kaa mahali unapopenda.

Mbege alikufa. Alikufa kabla ya ile barua yangu fupi. Nilikuandikia hajambo, na hakuwa hajambo, nilikuwa nimeshamtoa majini kwa mkono wangu. Niliogopa ukijua hutaniandikia tena. Picha uliyoomba ningekupigia samaki mwingine. Sikuituma.

Aliugua ugonjwa wa vidoa vyeupe. Walikuja nao wale weusi, nao hawakujua. Sisi ndio hatukuwaweka kwanza peke yao kwenye ndoo tukawaangalia. Bi Sabah akajaribu kumtibu, atakwambia mwenyewe hapo chini, kaomba nafasi kwenye karatasi yangu.

Sasa nikwambie tulivyoosha, kwa sababu najua utauliza.

Samaki walioletwa baada ya Mbege nao wamekufa, Loay kawafunga kwenye kitambaa, tukawazika uani karibu na ukuta. Hataki kula samaki. Bi Sabah kaagiza nguru kwa wavuvi wa Sidab, kapikwa na nazi, mtoto kasukuma sahani anasema huyo ni mjomba wake Mbege. Tumekula mayai sote.

Majani ya tangini na sponji ya chujio tumetupa, vile havioshwi vikapona. Kokoto nimezichemsha kwenye sufuria kuukuu, Bi Sabah akafunua akasema, "Maharage haya hayaivi leo." Halafu nikavaa glovu, nikafungua madirisha, nikatia klorini kidogo kwenye ndoo ya maji nikalijaza tangi, na bomba, na wavu, na pampu, kila kilichogusa yale maji kikalala humo. Sabuni hapana. Sabuni inajificha kwenye kioo, ukija kutia maji inatoka inamchoma samaki. Mwenye duka karudia hilo kama ananijua navyopenda povu.

Halafu kusuuza. Mkunde, nimesuuza! Nikidhani nimemaliza namwita Bi Sabah, anainama, ananusa. "Bado." Nasuuza. "Bado, Aika, harufu ipo pale kwenye pembe." Pua yake ndiyo kipimo chetu. Alipokaa kimya ndipo nikajua.

Tukalipandisha juu ya paa, madam Maha mbele na mimi nyuma, yeye anakanyaga abaya yake anasema yallah yallah kama mimi ndiye ninayemchelewesha. Sasa liko juu, limeanikwa kama nguo, mdomo wazi. Toka pale naona maduka yote ya magari ya Wattaya yanavyong'aa, na tangi letu linang'aa kuliko yote, na halina kitu. Litakaa hivyo mpaka likauke kabisa kabisa. Hata tukilitia maji tutayaacha yazunguke matupu kwanza. Loay kaambiwa angoje. Kasema sawa. Na sebuleni hapiti tena ukutani, kama alipokuwa akilikwepa tangi.

Kama hutaki kuniandikia nitaelewa. Mimi nitakuandikia.

Mama

Mjukuu wangu Mkunde. Mimi nnaitwa Bi Sabah. Mama yako kanambia we ndo uliyempa jina yule samaki. Mimi n'limtilia maji ya ubani nikidhani n'namponya, maana mimi huniponya. Samaki hakuwa mimi. N'lifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayakumsaidia. Nimemwambia Loay, na wewe nnakwambia, kwa sababu alikuwa wenu nyinyi wawili. Usimkasirikie mamako kwa langu. Kwa lake, mpime mwenyewe.


Kibosho
30 Septemba 2025

Aika,

Nilikwambia.

Nimempa jana. Nimekaa naye kama ulivyotaka. Kaisoma taratibu, midomo inatembea, akafika mwisho akarudi mwanzo. Halafu kaichana. Kaenda bandani, siyo kwa ng'ombe, kwenye lile banda la kuku lililo tupu, kaingia kakaa humo. Nimeita chakula hakuja. Nimemwambia Mkunde toka humo mchafu, kanitazama tu kupitia kwenye matundu ya wavu.

Leo kaenda shule bila kuniaga. Samaki, Aika! Kwa sababu ya samaki! Ulikuwa na barua zako nzuri, mtoto anasoma, sasa umepata nini?

Usiandike kwanza. Mwache.

Violeth


Kibosho
12 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo.

Nilikuwa nimekasirika sana. Nilitaka nisikuandikie mpaka Pasaka. Barua yako niliichana, halafu nikaiunga na ugali. Haijashika vizuri, sehemu ya mjomba wake Mbege imepotea, lakini naikumbuka.

Mimi najua ya Sista. Nilijua siku ile ile. Nyuma ya mgomba kuna majivu, na kuna manyoya meupe hayakuungua. Babu wa Rombo hana hata gari la kuchukulia kuku wote. Nilikuwa nangoja mtu aniambie. Hakuna aliyeniambia mpaka wewe ukaniambia ya Mbege.

Kwa hiyo nimemwambia Mama Mkubwa najua. Alikuwa anamenya ndizi. Akakaa kwenye ndoo. Akasema, "We mtoto we!" Halafu akalia, mimi nikamshika bega, halafu akanipa nyama iliyokuwa ya Jumapili. Hatujaongea zaidi lakini sasa anaimba.

Sasa ni hivi. Anataka kuleta vifaranga Jumamosi. Nimemkatalia. Nimemwambia banda bado linaumwa, ukitia vifaranga unawapeleka machinjioni. Kaniuliza umesikia wapi hayo, nimemwambia kwa mama. Nioshe na nini? Huku hakuna klorini ya kutosha banda zima.

Na kitu kingine. Utarudi lini? Usiseme karibuni. Niambie kama ulivyoniambia ya Mbege.

Mimi Mkunde


Wattaya, Maskati
14 Oktoba 2025

Mkunde,

Asante kwa kuunga barua yangu na ugali. Nimecheka na machozi, Bi Sabah kadhani nimeungua.

Pole kwa Sista. Pole kwa kungoja peke yako.

Nianze na banda, ndilo rahisi. Umesema vizuri, Jumamosi hapana. Mwambie Mama Mkubwa akwangue kinyesi chote na nyasi za chini mpaka udongo uonekane, achome mbali na nyumba. Wewe usikwangue, vumbi lile baya kwa kifua chako. Vyombo vya maji na mabanzi wanayolalia visuguliwe kwa maji na sabuni. Banda siyo tangi, huko sabuni ruksa, toa povu mpaka uchoke. Halafu mnunue chokaa, mnyunyize chini na kuta zote kama mnapaka nyumba kwa ajili ya Krismasi. Ondoeni bati la upande mmoja jua liingie. Halafu kungoja. Kungoja ndiko kugumu, kila mtu anapita anasema mbona banda liko tupu. Mwambie linakauka. Na vifaranga wakija, bwana mifugo awachanje mdondo kwanza.

Sasa lile lingine.

Nimelifuta mara nyingi hili, karatasi ina ukungu wa ufutio, utaona.

Krismasi hii sitakuwepo. Watu wote watarudi nyumbani mlimani, magari yatajaa barabara ya Kibosho, kina baba wenye mabegi na kina mama wenye wigi mpya, na mimi sitakuwa ndani ya gari hata moja. Usikae barabarani kuangalia, mwanangu. Kaa ndani na Mama Mkubwa, mle. Nilimuomba madam, hakunizungusha, akaniambia haiwezekani kabla mkataba haujaisha. Nilikasirika nikaenda jikoni nikavunja kikombe, nikakizoa.

Mkataba unaisha Julai. Nitakuja Julai, Mungu akipenda. Julai siyo karibuni. Ni mbali. Mvua za masika zitakuja kabla yangu, na Pasaka, na utafunga shule na kufungua, na meno mengine yataota mimi sipo. Nimeanza kukununulia viatu nikagundua sijui namba ya mguu wako. Nipe namba. Halafu kila ukikua niambie, hata nikibadilisha mara ngapi.

Mimi naijua ile sahani ya ndizi. Mama Mkubwa aliniambia. Safari hii nimekwambia wakati u macho.

Mama


Kibosho
2 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Nililia kwa sababu ya Julai. Nimelia nikashiba. Mama Mkubwa alitaka kuniambia labda utakuja mapema, nikamwambia acha, nimeshaambiwa.

Banda tumeosha. Mama Mkubwa alikwangua amefunga kanga puani, mimi nilisimama mbali natoa amri. Chokaa tumepaka mpaka ng'ombe amepata chokaa. Majirani wote wamepita wakasema banda liko tupu, mama Abdulrazak kasema tunangoja kuku wa Ulaya. Nilisema linakauka. Wiki hii ndiyo limekauka kweli, nimenusa kila pembe. Pua yangu ndiyo kipimo.

Vifaranga wamekuja jana, wamechanjwa. Wako kwanza kwenye boksi jikoni, peke yao, tunawaangalia. Hakuna anayeitwa Sista. Mwambie Loay na yeye samaki mpya asimwite Mbege, ampe jina lingine, asimchanganye. Akikosa jina nitamfikiria.

Mwambie Bibi nimempima, na wewe nimekupima. Bibi simchukii, ila asimimine tena kitu. Wewe nitakwambia Julai.

Mguu wangu ni namba thelathini na mbili. Nunua thelathini na nne.

Jumapili baada ya misa ya pili piga simu. Nitapokea mimi, siyo Mama Mkubwa. Sijui nitasema nini, kwa hiyo usiniulize maswali ya shule. Unaweza kukaa kimya na mimi nikakaa kimya, mpaka mmoja aanze. Nadhani utaanza wewe.

Mwanao,
Mkunde